Msoma Mita

Asubuhi niliichomoa ikiwa themanini.
Si mia. Mia ni ulafi, asema Humaid wa stoo:
ukiivimbisha betri kila usiku hadi shingoni
mwaka wa pili haishiki tena, inacheua.
Wala usiiache ikate roho.
Iwe kama mgeni mwenye adabu,
anayejua kula na anayejua kuondoka sahanini.

Basi naitunza, hii mashine ya kusomea mita za watu.
Mwangaza nimeuteremsha hata namba nazisoma
kwa kuzikingia kiganja.
Mlio nimeuzima. Mtikisiko nimeuzima.
Kwenye dashibodi siiweki; Julai ya Mudhaibi
iliyeyusha tasbihi ya plastiki niliyoisahau pale,
punje thelathini na tatu zikawa uji mmoja.
Inalala chini ya kiti, nimeizongea shuka.
Kwenye friji pia siitii.
Kijana mmoja wa Sinaw aliitia yake ipoe,
ikatoka jasho ndani kwa ndani,
ikafa na mitaa miwili tumboni.

Joto ni adui, nani asiyejua hapa.
Lakini yuko wa pili, haonekani.
Ukishaipita ile falaji iliyokauka, majabali yanabana,
mtandao unakatika,
na mashine badala ya kutulia
inaanza kutafuta mnara. Inaita. Inangoja. Inaita.
Hujaibonyeza hata kitufe, na chaji inashuka unaiona.
Kazi haiimalizi. Kutafuta ndiko kunakoimaliza.

Hili nililijua kabla sijapewa mashine.
Nina namba moja ya Ujiji, ya kaka yangu Nasib,
miaka minne nimeipiga kila Ijumaa baada ya sala.
Siku hizi nikifika majabalini nabonyeza kile kindege,
mawasiliano yote yanazimika,
na mimi napumua.

Leo nilisahau kukibonyeza.

Nyumba ya mwisho ni ya Bi Zayana binti Hamdun.
Kafariki tangu Rajabu.
Mwanawe Harub, yuko Sharjah, bili analipa,
kakataa umeme usikatwe.
Ukisimama kimya nje ya mlango unalisikia friji.
Ndani yake, wasema waliofagia, hamna kitu
ila chupa ya achari ya ndimu aliyoitia mwenyewe,
imebaki nusu.

Nikafungua kisanduku cha mita. Arubaini na nane elfu,
mia mbili na kumi na tatu, na ile nyekundu ya pembeni, sita.
Nikainua mashine. Asilimia mbili.
Nikaandika tarakimu ya kwanza, kioo kikawa cheusi,
nikaona uso wangu na ndevu zangu zenye vumbi.

Kalamu sina. Kiganja kina jasho.
Ukutani, karibu na kizingiti, pana soketi,
hapo marehemu akichomeka pasi, akipigia kanzu pasi barazani
huku akizungumza na wapita njia.
Waya ninao mfukoni.
Nikatazama huku, nikatazama huku. Mbuzi mmoja.
Nikachomeka.

Nikakaa kivulini nusu saa, na zaidi kidogo.
Friji likanguruma, likanyamaza, likanguruma.
Ikawaka: kumi na moja. Kwa ishirini ya Humaid haitoshi,
kwa nyumba moja inatosha.

Nikarudi kwenye mita kuhakikisha.
Arubaini na nane elfu, mia mbili na kumi na tatu.
Ile nyekundu, saba.

Pengine ni friji.
Pengine ni mimi.
Mashine haina nafasi ya nyekundu, inapokea nzima tu,
kwa hiyo kile kidogo, chetu sote watatu,
Harub atakilipa mwezi ujao bila kujua.

Nikachomoa waya, nikauviringa, nikautia mfukoni.
Ndipo nilipokumbuka kwamba sikupiga hodi.

Nikapiga.